Leseni ipo, ngazi hakuna

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan aahidi kwenye kampeni za 2025 kwamba serikali itaajiri watumishi wapya wa afya 5,000 ndani ya siku 100 za kwanza, madaktari vijana hapa Moshi wana mazungumzo ya aina mbili. Wapo wanaosubiri mkeka wa majina ya walioajiriwa, wakiamini kwamba jina likishatoka mambo yamekwisha. Wapo pia waliokwishajihukumu: wameomba MMed, shahada ya ubingwa, wakakosa, au wamepata barua ya udahili wakashindwa ada, na sasa wanasema bila ubingwa miaka mitano ya MD, shahada ya kwanza ya udaktari, imekwenda bure. Naona pande zote mbili zinakosea, na zinakosea kwa sababu moja. Daktari aliyekosa nafasi ya MMed hajakosa udaktari. Anachokosa ni kazi ambayo ndani yake angeweza kukua akiwa daktari wa kawaida, akaongeza stadi, mshahara na heshima bila kulazimika kuwa bingwa. Tumeweka njia moja tu ya kupanda, na wote wasiopita hapo tunawaacha wajione wamefeli. Tangazo moja la ajira haliwezi kurekebisha hilo, na kuongeza viti vya MMed peke yake hakutoshi.

Tuanze na hofu yenyewe, kwa sababu sehemu kubwa tumeiazima. Kijana anafungua simu, anakuta wenzake wa Marekani wakilia kwamba hawakupangiwa hospitali ya mafunzo ya ubingwa, anaamini kilio hicho ni chake. Sivyo. Marekani mhitimu wa udaktari hapewi leseni kamili mpaka awe amepitia mafunzo hayo hospitalini baada ya chuo. Akikosa nafasi, ana shahada na deni tu, mgonjwa hamgusi. Mwaka 2024 waliojiandikisha kwenye mgao wao wa kitaifa walikuwa 50,413 kwa nafasi 41,503, na miongoni mwa wageni waliosomea nje ya nchi hiyo waliofanikiwa walikuwa asilimia 58.5. Shida hiyo ni kongwe kiasi kwamba jimbo la Missouri lilitunga sheria mwaka 2014 ya kumruhusu mhitimu aliyekosa nafasi afanye kazi chini ya daktari mwenye leseni. Uingereza nako, mwaka 2025 madaktari zaidi ya 30,000 waligombea nafasi za ubingwa zipatazo 10,000, na serikali yao ikatangaza kwamba itawatanguliza waliosoma kwao. Kwa anayepanga kukimbilia huko hizi ni habari nzito, na ajue mlango unazidi kuwa mwembamba. Lakini sheria yetu si ya kwao. Hapa mhitimu akimaliza MD, akafanya mwaka mmoja wa intani, yaani mafunzo ya vitendo hospitalini, na kutimiza masharti ya Baraza la Madaktari Tanganyika, anasajiliwa na kupewa leseni. Kisheria anatibu, anaandika dawa, anafanya upasuaji wa uzazi saa nane usiku kule Same au Longido. Hakuna udaktari wa nusu katika daftari la Baraza.

Kwa nini basi mwenye leseni kamili anakaa nyumbani? Kwa miongo kadhaa nchi hii ilikuwa na shule moja ya udaktari, ile iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1963 ambayo leo ni MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili. Mhitimu alikuwa na kazi kabla hajavua joho. Mwaka 1997 kikaja chuo cha KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda hapa Moshi, na cha Kairuki jijini Dar es Salaam, 2003 kikafuata cha Bugando, kisha Dodoma, Mbeya, Ifakara na vingine. Upande wa kuzalisha ulifunguliwa, na ulistahili kufunguliwa. Upande wa kuajiri ulibaki umefungwa na kibali cha ajira, na kibali hufuata bajeti ya mishahara, hakifuati idadi ya wagonjwa. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa, na waliomaliza intani kipindi hicho walirundikana mitaani. Rundo hilo lilijitokeza hadharani mwaka uliofuata: Rais Magufuli alipokubali kuipa Kenya madaktari 500, waliojitokeza na kukidhi vigezo walikuwa 258. Mahakama ya Kenya ilipozuia mpango huo, akaagiza wote 258 waajiriwe hapa hapa. Tulishangilia, na familia zao zilikuwa na haki ya kushangilia. Lakini siku ile ile ilikuwa ushahidi kwamba nchi yenye zahanati zisizo na daktari ilikuwa na madaktari 258 wenye sifa ambao ingeweza kuwaachia jirani bila kuhamisha hata mmoja kutoka wodini.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote: kwamba madaktari wamezidi, vyuo vipunguze udahili. Kuzidi hupimwa kwa mahitaji. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Mkoa wa Kilimanjaro pekee una watu 1,861,934 na Arusha 2,356,255. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000 kama kiwango cha kulenga, na hakuna anayefahamu wodi zetu atakayesema tumekikaribia. Ukitaka uthibitisho usio wa vitabu, keti asubuhi kwenye foleni ya hospitali ya mkoa ya Mawenzi hapa Moshi au Mount Meru kule Arusha. Tusichanganye daktari asiye na kazi na daktari asiyehitajika. Tukipunguza udahili leo kwa sababu hazina haikuajiri jana, upungufu wake utatufikia miaka sita baadaye, mitano ya masomo na mmoja wa intani, na wakati huo hata ukipata fedha hutapata wa kuwaajiri.

Hoja ya kuongeza viti vya MMed inastahili heshima zaidi, kwa kuwa ni kweli mabingwa ni wachache na kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia, zilizoanza 2024, zimeonyesha wilayani watu wanavyofurika mara wasikiapo bingwa yupo kwa siku chache. Ugumu wa hoja hiyo ni kwamba kiti ni sehemu ndogo ya gharama. MMed ya KCMC huchukua miaka minne. Katika miaka hiyo rezidenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, hupita raundi asubuhi, hukaa kliniki mchana, hulinda wodi usiku na kufundisha wanafunzi wa MD katikati ya hayo yote. Anafanya kazi ya hospitali kwa maana kamili ya neno kazi, na kama hana ufadhili wala mwajiri, analipia ada ili aifanye. Mtumishi wa umma aliyepewa ruhusa ya masomo huendelea na mshahara wake. Ufadhili wa Rais Samia kwa masomo ya ubingwa umewasaidia wengine, na ni hatua njema. Lakini yule ambaye hajawahi kuajiriwa, mwenye umri wa miaka 28, na wazazi wanaotazamia sasa awasomeshe wadogo zake, kiti hicho kwake ni cha kutazama kwa mbali. Ukiongeza viti bila kuweka mshahara nyuma ya kila kiti, utakuwa umeongeza nafasi kwa wenye uwezo, na wenye uwezo watachagua fani zinazolipa mijini. Tiba ya usingizi, magonjwa ya akili, patholojia, maeneo ambayo hospitali zetu zinaumia kwelikweli, hayatajazwa kwa njia hiyo.

Na mfano wa njia nyingine upo kwetu. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999, kina ofisi zake kuu Arusha. Hakina majengo ya kufundishia. Kijana anabaki katika hospitali iliyomwajiri na iliyoidhinishwa kufundisha, anasimamiwa na mpasuaji aliyepo hapo, anaandika kila upasuaji alioushiriki, kisha anakwenda kufanya mtihani mmoja na wenzake wa nchi nyingine. Miaka miwili ya kwanza inampa uanachama, mitatu inayofuata inamfikisha kwenye ubingwa. ALMC, hospitali ya Kilutheri iliyopo Arusha mjini, ni mojawapo ya mahali wanapofundishwa wapasuaji kwa utaratibu wa aina hiyo. Kinachonivutia hapa ni mpangilio wa mambo: kazi inatangulia, mafunzo yanafuata ndani ya kazi, na hospitali inayomfundisha ndiyo inayomhitaji. Utaratibu huu hauwezi kupokea kila mtu, kwa sababu kila mwanafunzi anahitaji mkubwa wake wa kumsimamia na wagonjwa wa kutosha. Lakini unabomoa dhana kwamba bingwa hupatikana tu kwa kumwondoa daktari kazini na kumrudisha darasani kwa ada.

Hata hivyo, tukiamua kesho kuwalipa marezidenti wote, bado wengi hawatakuwa mabingwa, na hawapaswi kuwa. Hakuna nchi ambayo kila daktari ni bingwa wa kiungo. Hapo ndipo naona kosa letu kubwa zaidi, na ndipo nataka tukae kidogo. Muundo wa utumishi unamwanzisha kijana kama Daktari Daraja la II na kumpandisha baadaye, ni kweli. Lakini anapanda kwa miaka na kwa tathmini, hapandi kwa stadi. Daktari aliyekaa miaka minane hospitali ya Wasso kule Loliondo, anayeweza kuokoa mama anayevuja damu, kunyoosha mfupa wa mtoto aliyeanguka na kuendesha kliniki ya kifua kikuu peke yake, hana cheti chochote kinachosema anajua hayo. Bima nayo inamtazama hivyo hivyo: viwango vya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, vya kumwona daktari vinatofautiana kwa daktari wa kawaida, bingwa na bingwa bobezi, kwa hiyo hospitali ikipiga hesabu inaona daktari wa kawaida ni wa kuokoa gharama na bingwa ni wa kuingiza mapato. Halafu tunawauliza vijana kwa nini kila mmoja anataka MMed. Tumegeuza udaktari wa kawaida kuwa chumba cha kusubiria, na anayekaa muda mrefu chumbani humo anaanza kuonekana ana kasoro.

Nchi hii iliwahi kufikiri vizuri zaidi kuhusu ngazi za kati, na Moshi ina sehemu yake katika historia hiyo. Kwa miaka mingi tabibu, mtoa tiba wa ngazi ya chini ya daktari, akishapata uzoefu alirudi shuleni akawa daktari msaidizi, na hospitali za wilaya zilisimama juu ya mabega ya watu hao. Utafiti uliofanyika Mwanza na Kigoma na kuchapishwa 2009 ulionyesha kwamba upasuaji wa dharura wa uzazi uliofanywa na madaktari wasaidizi haukuwa na matokeo mabaya kuliko uliofanywa na madaktari. Mafunzo hayo yalisitishwa, na mzigo wa wilaya umehamia kwa MD mpya ambaye hakupewa maandalizi ya ziada kuubeba. Pale KCMC, Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kimekuwepo tangu 1992, na kimefundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika stadi za ngozi na magonjwa ya zinaa bila kuwadai wawe wameisoma MD kwanza. Walirudi makwao wakaanzisha kliniki za ngozi katika wilaya ambazo hazijapata kumwona bingwa wa ngozi. Kama tuliweza kumpa tabibu stadi maalumu na cheti chake kikatambuliwa, kinachotuzuia kumpa daktari mwenye leseni diploma ya mwaka mmoja ya usingizi, ya dharura, ya uzazi au ya tiba ya wilaya, ikaandikwa katika muundo wa utumishi na ikaongeza kitu katika mshahara, ni uamuzi tu. Tiba ya familia ipo kama MMed katika Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar es Salaam, lakini ni mlango mwembamba mno kwa nchi yenye halmashauri nyingi hivi.

Watapinga baadhi ya maprofesa, nao wana sababu ya kusikilizwa. Wanahofia kwamba diploma fupi zitazaa mabingwa wa bandia, mtu wa mwaka mmoja ajitangaze kwenye bango la zahanati yake kama bingwa wa uzazi. Hatari hiyo ipo. Dawa yake ni Baraza kuandika kwa herufi wazi mipaka ya kila cheti na kumfutia leseni anayeivuka, kazi ambayo tayari ni yake chini ya sheria ya 2017. Hatari iliyopo sasa ni kubwa zaidi: daktari wa mwaka wa kwanza kazini anafanya yote hayo bila mafunzo ya nyongeza, bila msimamizi na bila kuandikwa popote.

Upande wa pili wapo wanaosema vijana wajiajiri. Husemwa kwa nia njema, mara nyingi na watu ambao hawajawahi kufungua kituo cha afya. Kituo kinahitaji jengo linalokidhi masharti, maabara, muuguzi, mfamasia, usajili, na mtaji wa kusubiri madai ya bima yalipwe. Na hata mtaji ukipatikana, daktari aliyetoka intani juzi hapaswi kuwa peke yake na mgonjwa. Miaka yake mitatu minne ya mwanzo inahitaji mkubwa wa kumpigia simu. Kwa hiyo anayejiajiri mapema huishia ama kubahatisha ama kutoa rufaa kila kitu.

Njia iliyobaki, ambayo wengi wamo, ni kujitolea. Namfahamu mmoja, binti wa rafiki yangu, aliyejitolea katika hospitali moja ya kanda hii kwa muda mrefu akilinda wodi usiku kama mwajiriwa, posho yake ikiwa nauli na chakula, kwa matumaini kwamba nafasi ikitoka atakumbukwa. Ilipotoka, akapewa mwingine. Simlaumu aliyepewa. Ninacholaumu ni utaratibu unaomruhusu mwajiri kupata daktari mwenye leseni kwa bei ya nauli, kwa sababu kadiri unavyowezekana, ndivyo shinikizo la kujaza ikama, idadi ya watumishi inayotakiwa, linavyopungua. Na siku mgonjwa akifariki mikononi mwa anayejitolea, Baraza litamhoji kama daktari kamili. Anayekwenda kujitolea aombe angalau mambo matatu kwa maandishi: nani msimamizi wake, muda una mwisho lini, na nani anambebea dhamana ya makosa ya kitabibu. Hospitali isiyoweza kuandika hayo matatu haimfundishi.

Kwa kijana anayesoma hapa akiwa na barua ya kukataliwa mkononi, ushauri wangu unafuata hoja hiyo hiyo. Tafuta kazi kwanza, hata ya mkataba wa halmashauri, hata Rombo, Mwanga, Karatu au Endulen, na usiihesabu kama miaka ya kupotea. Ajira ndiyo inayofungua ruhusa ya masomo yenye mshahara na ndiyo inayokupa wagonjwa wa kukufundisha. Utafiti nao ni njia halisi: Moshi ina taasisi ya utafiti ya KCRI, Siha ina Kibong'oto, hospitali ya taifa ya kifua kikuu na magonjwa ya kuambukiza, na Arusha ina Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru. Afya ya jamii ni fani yenye kazi kubwa kuliko inavyosifiwa. Kuhusu miradi ya wafadhili niseme ukweli wenye uchungu: Marekani iliposimamisha misaada yake mwanzoni mwa 2025, watumishi wa miradi ya UKIMWI na kifua kikuu walipoteza kazi ndani ya wiki chache, madaktari wakiwemo. Chukua kazi ya mradi ikipatikana, lakini usijenge maisha yote juu yake.

Sasa turudi kwenye ahadi ya 5,000. Idadi hiyo inajumuisha wauguzi na wakunga, na ni haki iwe hivyo, kwa sababu daktari bila muuguzi hafiki mbali. Sehemu ya madaktari haitamaliza rundo lililopo. Ila thamani ya ajira hizo itategemea zaidi wanakopelekwa na wanachokuta huko. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na utekelezaji wake ukikamilika, mwananchi wa Tarakea au Ngarenanyuki ataanzia kituo cha afya cha karibu kabla ya kupewa rufaa. Atakayemkuta pale ni tabibu au daktari wa kawaida. Kama daktari huyo ana miezi mitatu na tayari anatafuta jinsi ya kuondoka, kila mgonjwa ataandikiwa rufaa ya Mawenzi au Mount Meru, na huko ataandikiwa ya KCMC, na mfuko utalipia mara tatu ugonjwa uliopaswa kuishia kijijini. Kama ana miaka sita pale, ana diploma ya uzazi na usingizi, na analipwa kwa kujua alichojua, mfuko utabaki na fedha na mama atajifungua karibu na kwake. Bima kwa wote haiwezi kulipika bila daktari wa kawaida aliyeamua kubaki, na hataamua kubaki kwa kuombwa uzalendo.

Hatua ya kwanza haihitaji kusubiri Dodoma. Halmashauri zetu huajiri watumishi wa afya kwa mikataba kutoka mapato ya ndani, na madiwani ndio hupitisha bajeti hiyo. Wanaweza kuamua kwamba daktari wa mkataba analipwa mshahara badala ya posho, kwamba mkataba wake ni wa miaka mitatu badala ya miezi sita, na kwamba sehemu ya fedha ni ya kumpeleka KCMC miezi michache kila mwaka akajifunze stadi moja ambayo hospitali ya wilaya inakosa, kisha arudi. Kilimanjaro na Arusha tuna hospitali ya rufaa ya kanda, chuo kikuu cha afya na makao ya chuo cha wapasuaji cha kanda nzima, vyote ndani ya mwendo wa saa mbili kwa basi. Mikoa michache ina mtaji wa namna hiyo wa kuanza nao.